Yaya (ndugu yangu mkubwa) ameniagiza mipini ya mbao kwa rivolva yake kubwa ya .44: nichonge umbo gani lisimuumize mkono?

Fundi_Kamalondo

Jambo sana wandugu. Mimi ni mchongaji, karakana yangu iko Kamalondo, hapa Lubumbashi. Kazi zangu za kila siku ni mipini ya nyundo na shoka, miguu ya viti, na vinyago wageni wakipita. Sasa nimepata komandi ambayo sijawahi kuigusa.

Yaya yangu anaishi Tucson, Arizona, kule Marekani. Ana rivolva kubwa, Smith & Wesson Model 29, ile ya masasi ya .44 Magnum, mtutu inchi sita na nusu. Anapiga shabaha uwanjani, na msimu wa kuwinda ukifunguliwa anaenda nayo jangwani kutafuta javelina, mnyama wa kule anayefanana na nguruwe pori mdogo. Karatasi zake zote ziko sawa.

Shida ni mkono. Akipiga masasi ya silinda mbili tatu tu, fundo la chini la gumba linaanza kuvimba, halafu kila sasi likitoka bunduki inageuka kiganjani na inabidi aishike upya. Mipini iliyoko ni ya mbao, ya kiwanda, minene na mipana sana kwa chini. Ananiambia: "Mdogo wangu, nichongee ya mti wa mulombwa wa kwetu, lakini isiniumize."

Kuchonga najua. Nisichojua ni umbo. Ameniletea picha, na karatasi aliyozungushia fremu kwa kalamu. Aliye na uzoefu anisaidie: unene kiasi gani, mgongo wa chuma ulio nyuma ya mpini niufunike au niuache wazi, na ile migongo ya vidole kwa mbele niweke au niache?

Likasi_Boy

Fundi, utajichokesha bule. Yaya anunue mipini ya mpira, mambo iishe. Kule Marekani mipini ya Hogue na Pachmayr iko katika kila duka la wawindaji, na bei yake haizidi chakula cha familia siku moja ya Jumapili. Mpira unameza msukumo, mbao inaupitisha wote mkononi. Mulombwa aufanyie sanduku la kuwekea bunduki.

Mama_wa_Ruashi

Samahani wanangu. Mimi nasoma huku juu ya mashamba na kuku, naona leo mnaongelea bunduki. Katika mji huu ambapo watu tunalala na kufuli tatu mlangoni, kweli hii ni mazungumzo?

Msimamizi

Mama, umesikika. Uzi huu nauacha kwa sababu ni kazi ya mbao, na bunduki yenyewe iko Arizona kwa mtu anayeimiliki kwa sheria ya kule. Hapa hakuna kununua, kuuza wala kuelekezana pa kuipata silaha. Atakayejaribu, ujumbe wake utafutwa na yeye pia.

Fundi_Kamalondo

Mama, nimekuelewa na sina neno. Hata mimi hiyo bunduki sitaki iingie karakanani. Nataka vipimo tu.

MwindajiKundelungu

Fundi, kabla ya mpira au mbao, muulize yaya yako swali moja: kinauma wapi hasa? Nilifanya kazi ya kuongoza wawindaji wageni, wengine wakija na rivolva kubwa kiunoni, na mkono wa mtu ulikuwa unaniambia kosa la mpini kabla yeye hajafungua mdomo.

Akiumia fundo la kidole cha kati, maana yake kuna nafasi tupu nyuma ya ule upinde wa chuma unaokinga kifyatulio. Bunduki ikirudi, upinde unagonga kidole. Smith & Wesson za zamani zenye vibao vidogo ndiyo ilikuwa tabia yao, na Wamarekani walitengeneza kipande cha chuma cha kuziba nafasi hiyo, wakakiita Tyler T-Grip. Akiumia pale kati ya gumba na shahada, mpini umekonda mno kwa juu, msukumo wote unaingia kwenye ukanda mwembamba wa ngozi. Vidole vikichoma kiganja chake mwenyewe, mpini wote umekonda.

Lakini yeye unasema ni fundo la chini la gumba. Hilo mara nyingi ni mpini mnene kupita mkono. Mtu mwenye mkono wa wastani akishika kitu kinene, kidole cha shahada hakifiki kwenye kifyatulio, basi anauzungusha mkono upande ili kifike. Tayari bunduki haiko tena kwenye mstari wa mkono wa mbele. Ikirudi nyuma haisukumi kiganja, inasukuma fundo la gumba lenyewe. Hapo hata umfungie godoro, fundo litavimba tu.

Kwa hiyo Likasi_Boy usikasirike: mpira unapunguza ule muwasho wa kuungua kiganjani, haurekebishi mpini usiolingana na mkono.

Likasi_Boy

Sikasiriki muzee. Lakini nauliza: kama mpira haufai, kwa nini ile Smith & Wesson 500, iliyo na nguvu kuliko zote, ilitoka kiwandani mwaka 2003 na mpini wa mpira? Hawa watu si wajinga.

MwindajiKundelungu

Si wajinga hata kidogo, na umetaja mfano mzuri. Mpini ule unafunika mgongo wote wa chuma na ndani yake, pale nyuma, kuna tabaka laini zaidi la kumeza msukumo. Kwa nguvu ya .500 hakuna mtu mwenye akili atataka chuma kitupu kiganjani. Lakini angalia bei yake, na sisemi ya pesa: tabaka lile linasukuma mkono nyuma, mbali na kifyatulio. Mwenye mkono mkubwa hajali. Mwenye mkono wa wastani kwenye fremu ya N, ile kubwa, ambayo ni ya Model 29, ndipo anaanza kuuzungusha mkono kama nilivyosema.

Na jambo lingine la kujua kabla mtu hajatoa pesa dukani. Fremu hizi zina kitako cha aina mbili, cha pembe na cha mviringo. Cha pembe ndicho cha zamani. Miaka ya 1990 kiwanda kilihamia kwenye mviringo. Mpini uliotengenezwa kwa mviringo, huo wa 500 ukiwemo, hauingii kwenye pembe. Watu wananunua, wanafika nyumbani, wanarudisha.

Yaya_Tucson

Hodi jamani. Mimi ndiye yaya mwenye kuumia. Mdogo wangu kanitumia kiungo nije nijieleze mwenyewe.

Kitako ni cha pembe. Bunduki ni ya zamani kidogo. Mkono wangu: kutoka ukunjo wa kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati ni sentimita 18 na nusu, kwa hiyo si mkono wa mcheza basketi. Nikishika vizuri, mtutu ukiwa mstari mmoja na mkono wa mbele, ncha tu ya shahada inagusa kifyatulio nikitaka kukivuta bila kukokota nyundo. Nikikokota nyundo kwanza kifyatulio kinarudi nyuma na nakifikia bila taabu.

Likasi_Boy, mpira nimeujaribu, kwenye bunduki ya jirani, aina ile inayofunika mgongo. Kiganja kilifurahi, sikatai. Ila shahada haikufika kabisa, na mpira ulishika ngozi. Bunduki ikigeuka kidogo inavuta ngozi ya kiganja nayo. Jirani mwenyewe ana mikono kama beleshi, kwake ni raha tupu.

Muzee Mwindaji, mbona kama ulikuwa umesimama nyuma yangu uwanjani.

Kipushi_Mzee

Nami niongeze la rivolva za kukokota nyundo kila mara, zile za umbo la Colt ya 1873. Mpini wake unapinda kama wa jembe la kukokotwa, na umewekwa hivyo kusudi: bunduki ikipiga inabingirika juu kiganjani, msukumo unageuka kuwa mzunguko. Kwa masasi ya kawaida ni starehe. Kwa .44 Magnum ni hadithi nyingine. Ruger walipotoa Super Blackhawk mwaka 1959 waliipa upinde wa kukinga kifyatulio wenye pembe kwa nyuma, na watu wengi walitoka uwanjani wakinyonya fundo la kidole cha kati. Ndiyo maana wengine wanapendelea umbo la Bisley, lililo wima zaidi, halibingiriki sana.

Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanasema mpini laini wa mbao, uliong'arishwa, ni mbaya kwa kuwa unateleza. Inategemea. Kwenye Colt, kuteleza ndiyo dawa. Kwenye Smith & Wesson iliyo na nundu ya chuma juu ya mpini, ikiteleza sana ile nundu inakuja kukaa kwenye bonde la gumba kila sasi. Hapo ndipo yaya anapoishika upya kila mara.

Fundi_Kamalondo

Sasa naanza kuona. Kwa hiyo nikichonga, chini pawe pembamba kuliko ilivyo?

MwindajiKundelungu

Njo vile. Angalia mkono wako ukiwa umefunga ngumi. Kidole cha mwisho ndicho kifupi, na mpini wa kiwanda unampa yeye ndiyo sehemu nene kuliko zote! Juu, kwenye kidole cha kati kilicho kirefu, wakapakondesha. Sijui nani aliwashauri. Zamani, miaka ya 1950 rivolva hii ilipotoka, mipini yake ilikuwa na tumbo katikati na kiuno juu na chini, Wamarekani wanaiita chupa ya Coke. Leo wakusanyaji wanailipia pesa nyingi, na kwa maoni yangu si kwa uzuri tu. Ilikaa mkononi.

Kwa yaya yako mimi ningefanya hivi. Mgongo wa chuma uache wazi. Hata milimita tatu za mbao nyuma ni milimita tatu anazopoteza mbele kwenye kifyatulio. Nyuma ya upinde jaza, ili kidole cha kati kipate pa kukaa, lakini usijaze hadi kidole kishuke chini. Mkono unatakiwa ukae juu iwezekanavyo, kwa sababu mtutu wa rivolva uko juu sana ya mkono, na mkono ukishuka bunduki inapata nguvu zaidi ya kuruka. Upande kwa upande, weka uvimbe katikati ya kiganja. Huo uvimbe ndio utakaotandaza msukumo kwenye nyama badala ya mfupa. Chini punguza.

Migongo ya vidole kwa mbele: achana nayo. Inamfaa mtu mmoja mwenye vidole vya nafasi ileile. Vidole vikikaa juu ya tuta badala ya bonde, tuta linakuwa jino.

Likasi_Boy

Na kuchora vile vimistari vya msalaba ili isiteleze?

Fundi_Kamalondo

Hiyo najua kuifanya, nina patasi ya meno.

Kipushi_Mzee

Ukifanya, fanya vifupi na uvivunje makali kwa msasa. Vimistari vikali na .44 ni tupa juu ya ngozi.

Ndola_Lushi

Wazo la mtu wa mpakani: kwa nini mulombwa wakati tuko kwenye mji wa malakaiti, lile jiwe la shaba? Rivolva yenye mashavu ya malakaiti ya kijani, miduara ile inaonekana vizuri, hakuna Mmarekani atakayekuwa nayo kama hiyo. Unakwenda kwa wauza mawe pale mjini unachagua kipande.

Fundi_Kamalondo

Malakaiti naichonga, ndugu, na ndiyo maana siikubali hapa. Ni jiwe laini, ugumu wake haufiki hata nne kwenye kipimo cha Mohs, shaba nyekundu yenyewe ni tatu. Linapasuka kwenye mistari yake. Ukilitoboa tundu la skrubu mahali pembamba unasikia *tak*, umebaki na vipande viwili. Sasa uliweke kwenye kitu kinachogonga namna hiyo! Pia ni zito. Na vumbi lake ni la shaba, si la kuvuta puani. Sisi tunaochonga tunalowesha maji muda wote na kufunga kitambaa, na bado kohozi linatoka kijani.

Nimeona wanaosaga unga wake na kuuchanganya na gundi wakapata kibao. Kwa bunduki ya kutundika ukutani, sawa.

Kipushi_Mzee

Na kabla mtu hajasema pembe za ndovu: hapana. Jenerali Patton alikuwa nazo kwenye rivolva zake mbili, ya Colt na ya Smith & Wesson, lakini hiyo ilikuwa dunia nyingine. Biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989 wa CITES, mkataba wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ukikamatwa na mpini wa pembe forodhani, hutaulizwa kama unakaa vizuri mkononi.

Ndola_Lushi

Basi mti wa mukula. Mwekundu, mgumu, mzuri.

MwindajiKundelungu

Mukula ni mzuri na ndiyo maana malori yake yalijaa barabara ya Kasumbalesa hadi misitu ikabaki visiki. Mwaka 2019 ulitiwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, na baadaye ndugu zake wote wa Afrika wa ukoo wa Pterocarpus wakafuata, mulombwa ukiwemo. Kwa hiyo Fundi, hata huo mulombwa wako, kabla ya kuutuma nje uliza ofisi ya mazingira na forodha kama kitu kilichokwisha kuchongwa kinahitaji karatasi. Usitume kimya kimya kwenye begi la mtu anayesafiri.

Kwa ubora lakini, mulombwa ni chaguo zuri kuliko mukula kwa kazi hii. Watanzania wanauita mninga. Sifa yake kubwa si rangi, ni kutulia: ukishakauka haupindi wala haujikunji sana. Na mpini huu unatoka Lubumbashi unaenda jangwani.

Fundi_Kamalondo

Hapo umegusa jambo lililokuwa linaninyima usingizi kuliko umbo. Ebeni niliwahi kumpelekea mteja wa mbali, ikapasuka. Hapa mvua inaanza Novemba hadi Aprili, mbao inakunywa unyevu hata ukiifungia ndani. Arizona yaya anasema midomo inapasuka mwaka mzima.

Nilichonacho ni fremu ya mlango kutoka nyumba ya zamani ya wakati wa Wabelgiji iliyobomolewa pale mjini. Mulombwa mtupu, umekauka kwa miaka mingi juu ya ukuta. Ukiupasua harufu bado iko. Nitachukua vipande vilivyo mbali na matundu ya misumari.

Kipushi_Mzee

Huo ndio mti. Angalia tu nyuzi: ziende kwa urefu wa mpini, na pale juu ambapo kibao kinakuwa chembamba karibu na fremu, nyuzi zisikatike kwa mshazari. Hapo ndipo mipini inabanduka vipande. Na vumbi la mulombwa linawasha pua vibaya, wewe unajua.

Kumalizia tumia mafuta, si vanishi. Mafuta ya kitani, tabaka jembamba, unasugua kwa kitambaa, unaacha likauke vizuri, unarudia. Vanishi inang'aa kama kioo cha gari na mkono ukitoka jasho inateleza.

Yaya_Tucson

Swali kwenu wote: mdogo wangu hana bunduki mkononi. Vibao vitakaaje sawasawa kwenye fremu akitumia karatasi tu?

MwindajiKundelungu

Karatasi ya kuzungushia kalamu itamdanganya, kalamu ina unene wake na mkono unayumba. Toa vibao vya kiwanda, ulaze upande wa ndani kwenye skana, weka rula kando yake, mtumie picha. Fundi akiichapa na rula ikatoka sentimita kwa sentimita, basi kipimo ni kweli. Pima pia tundu la skrubu, na kile kipini kidogo cha chuma kilicho chini ya fremu. Kibao lazima kiwe na tundu la kukipokea, ndicho kinachozuia mpini kucheza. Ndani ya fremu kuna springi kuu, mbao isiiguse kabisa.

Halafu Fundi aache ukingo wa juu na ule wa nyuma ya upinde na nyama kidogo ya ziada. Wewe ukiipokea, toa masasi yote, hakikisha silinda ni tupu, uangalie tena, ndipo ufungue. Pitisha chuma juu ya moshi wa mshumaa kiwe cheusi kidogo. Bandika kibao, bana, toa. Penye doa jeusi ndipo mbao inapogusa kabla ya wakati. Kwangua hapo kidogo kwa msasa, rudia. Ni kazi ya uvumilivu, lakini hakuna njia nyingine ya kupata mbao na chuma viungane hadi unywele usipite.

Likasi_Boy

Rangi ya mdomo ya madamu inafanya kazi hiyohiyo, na haichafui nyumba. Nimefanya hivyo kwenye vifuniko vya pampu.

Yaya_Tucson

Madamu amesoma hii na amecheka, lakini amekataa.

Fundi_Kamalondo

Na umbo la nje? Nitajuaje uvimbe wa kiganja ukae wapi?

Kipushi_Mzee

Yaya anunue mastiki ya kupigia magari, ile ya kuchanganya na kigumishi. Vibao vya kiwanda avivishe plastiki nyembamba ya jikoni, asivikate (vina thamani), apake mastiki pale anapohisi pamepungua, avae glavu, ashike kwa nguvu ya kupigia na mtutu ukiwa mstari na mkono wa mbele. Mastiki ikishika, mkono wake umeshaandikwa. Kwa chini, ambako ni kupunguza, mastiki haitasaidia. Huko apime unene wa sasa kwa kaliba na tukubaliane.

Fundi, usisahau kibao cha kushoto, kwa juu. Silinda inafunguka upande huo na maganda yanatoka hapo. Mbao ikizidi, ganda linakwama kwenye ukingo wa mpini, na kile kifaa cha kujazia masasi sita kwa mara moja hakiingii. Chimba bonde pale.

Yaya_Tucson

Nimefanya. Picha nimemtumia mdogo wangu.

Kilichonishangaza: mastiki ilijaa sana upande wa kulia, ule unaolala kiganjani, chini kidogo ya katikati, na upande wa kushoto karibu haikubaki kitu. Kumbe vibao viwili si lazima vifanane? Unene wa chini kwa sasa ni milimita 42, na nikiushika mti wa fagio uliochongwa milimita 35 kidole cha mwisho kinafunga vizuri.

MwindajiKundelungu

Havifanani, na mtu asikudanganye. Wewe unatumia mkono wa kulia, kiganja kiko upande wa kulia, ncha za vidole ziko kushoto. Kiwanda kinachonga vibao pacha kwa sababu hakijui nani atanunua. Nenda na 35 kwa chini.

Na ninakupa dawa nyingine isiyo ya mbao. Rivolva yako inakubali masasi ya .44 Special, ya tangu 1907, yenye ganda fupi na msukumo mdogo sana. Kufanya mazoezi, tumia hayo. Magnum yaache ya javelina na ya kupima bunduki kabla ya msimu. Usifanye kinyume lakini: Magnum haiwekwi kwenye bunduki ya Special.

Likasi_Boy

Kwa hiyo mbao imeshinda?

MwindajiKundelungu

Kwa mkono huu na bunduki hii. Angekuwa na Ruger Super Redhawk ningesema nunua mpira ulale. Ile haina hata fremu ya mpini, ni kijiti kifupi tu cha chuma, na mpira unakizunguka wote. Nyuma unaweza kuwa mnene bila kumpeleka mtu mbali. Na ukiwa unapiga masasi mazito siku nzima, mpira pia. Mimi kwangu mpira wa Pachmayr ndio uliokaa miaka mingi kuliko wote kwenye bunduki za wageni niliowaongoza, jua na mvua.

Fundi_Kamalondo

Nimekwisha kupasua mlango. Kulia nimeacha uvimbe kama mastiki ilivyosema, kushoto karibu bapa, chini 35, mgongo wazi, mbele bila migongo ya vidole, bonde la maganda lipo. Vimistari sitachora, nitaacha mafuta na nyuzi za mti. Jumatatu naenda kuuliza ofisi ya mazingira juu ya karatasi.

Swali la mwisho. Skrubu ya zamani inapita kibao hadi kibao. Vibao vyangu ni vyembamba, itatokeza?

Kipushi_Mzee

Itatokeza upande wa pili na itamchoma. Weka pete za shaba kila upande, moja yenye uzi wa skrubu na moja wazi, zizame kidogo chini ya uso wa mbao. Skrubu yaya ataikata mwenyewe kule kwa msumeno wa chuma baada ya kujaribu, si kabla. Na asikaze kwa hasira, mbao inapasuka hapo kwenye tundu. Ikifika na kugusa, robo mzunguko, basi.

Yaya_Tucson

Msumeno ninao. Pete za shaba zitoke kwenu, hapa wananiuzia kwa bei ya dhahabu.

Fundi_Kamalondo

Yaya, uko unaomba shaba Lubumbashi? Zimeshakatwa.